Nani Atamsikiliza Dani? Wazee na Daktari Katika Ufuo wa Ziwa

Leo tunamzungumzia mtu tunayemsahau mara nyingi tunapotaja kliniki: nyanya aliyekulea, au mama mkwe unayeishi naye. Huku ziwani wengi wetu twamwita dani.

Unampeleka hospitali alfajiri. Anakaa kwenye benchi hadi saa sita. Anaingia kwa daktari, na kabla hajamaliza sentensi ya pili ametoka na karatasi ya dawa ya malaria. Je, alisikilizwa? Ili tujue la kufanya, hebu kwanza tutazame tulikotoka.

Zamani, katika jamii ya Wajaluo, mwanamke mzee ndiye aliyesikilizwa. Kulikuwa na pim, bikizee aliyelala na watoto katika nyumba iliyoitwa siwindhe, akiwafunza hadithi, ukoo na tabia njema. Kulikuwa pia na nyamrerwa, aliyewazalisha wanawake na kutibu watoto kwa mizizi na majani. Si kila dawa yake ilifaa, na nyingine zilidhuru. Lakini aliijua familia yote, na aliketi na mgonjwa akamuuliza.

Mwaka 1901 reli ilifika Kisumu, mji ulioitwa Port Florence wakati huo. Miaka hiyohiyo ugonjwa wa malale ulienea kando ya ziwa. Upande wa Uganda pekee inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walikufa. Madaktari wa serikali ya kikoloni walipapasa shingo za watu wakitafuta tezi zilizovimba. Wengi wao hawakujua lugha ya mgonjwa, walitegemea mkalimani. Ndivyo daktari mgeni alivyozoea kugusa mwili bila kusikia maneno.

Mwaka 1906 wamisionari walianza kazi Maseno, na wengine Gendia karibu na Kendu Bay. Hospitali zilifuata. Polepole watu wetu wenyewe wakawa wauguzi. Mmoja wao ni Grace Ogot, aliyesomea uuguzi Uganda na Uingereza, akafanya kazi Maseno, kisha akawa mwandishi na mbunge. Katika hadithi zake aliandika juu ya watu waliosimama kati ya dawa za kienyeji na za hospitali. Alijua kwamba mgonjwa huja na hofu zake pia.

Hofu nyingine zina sababu. Hospitali kubwa ya Kisumu, ambayo wazee bado huiita "Russia", ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Siku ya kufunguliwa kwake, tarehe 25 Oktoba 1969, kulitokea ghasia mbele ya Rais Jomo Kenyatta. Risasi zilifyatuliwa, watu wakafa, na watoto walikuwa miongoni mwao. Leo hospitali hiyo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga na inatibu maelfu. Lakini aliyekuwa na miaka 20 siku ile sasa amepita 75. Dani akisita langoni, usimcheke. Muulize anakumbuka nini.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Saradidi, Asembo, jambo jema lilianza. Wanakijiji, pamoja na daktari Dan Kaseje, walianzisha mradi wa afya wa jamii. Vijiji vilichagua vyenyewe wasaidizi wa afya, na dawa ya malaria ikapatikana kijijini. Mgonjwa alihudumiwa na mtu anayemjua kwa jina. Ilikuwa kama nyamrerwa amerudi, safari hii akiwa na mafunzo. Hata leo wengi huwaita wahudumu hao nyamrerwa.

Kisha pesa zikaingia kati. Desemba 1989 serikali ilianzisha ada za kuchangia gharama, na wagonjwa wakapungua hospitalini. Ada zilisitishwa mwaka 1990, zikarudishwa baadaye. Mwaka 2004 ziliteremshwa hadi shilingi 10 katika zahanati na 20 katika kituo cha afya, na mwaka 2013 zikaondolewa huko. Katika miaka hiyo UKIMWI uliwachukua vijana wengi wa Nyanza. Nyanya walibaki na wajukuu. Shilingi ikipatikana, ilimtibu mtoto. Dani alijifunza kusema, "Mimi sina neno." Bado anasema hivyo, hata akiwa mgonjwa. Usimwamini haraka!

Kwa nini kusikilizwa ni jambo la uhai? Kwa sababu ugonjwa wa mzee hujificha. Anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa, akaanza tu kuchanganyikiwa ghafla. Moyo unaweza kuziba bila maumivu ya kifua, akahisi uchovu na kukosa pumzi tu. Akianguka anaposimama, huenda ni dawa ya presha inayomzidi. Na hapa kwetu, kila udhaifu huitwa malaria. Daktari asiyeuliza atatibu malaria isiyokuwepo, huku sukari au presha ikiendelea kuua. Malaria hupimwa kwanza, ndipo itibiwe.

Basi utamtambuaje daktari anayesikiliza? Awe daktari, afisa wa kliniki au muuguzi wa zahanati, tazama haya:

- Anamsalimu dani mwenyewe na kumtazama usoni. Hakuulizi wewe, "Huyu anaumwa nini?"
- Anamwacha aeleze kwanza, kisha anauliza.
- Anasema polepole, upande wa sikio linalosikia.
- Anataka kuona dawa zote anazotumia, hata za mitishamba.
- Hasemi, "Ni uzee tu." Uzee si ugonjwa.

Ukimpata, uliza anafanya kazi siku zipi, mrudi kwake. Waulize wanawake wa chama na wa kanisani au msikitini. Wao wanajua nani huwa na subira. Muulize pia mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Tangu mwaka 2023 wahudumu hao walipewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari, naye anajua kliniki ya presha na kisukari iko siku gani.

Nawe pia una kazi, mama. Usiku kabla ya safari, keti na dani. Muulize mambo matatu yanayomsumbua zaidi, uyaandike. Tia dawa zote katika mfuko mmoja. Kama hajui Kiswahili, omba mhudumu anayejua Dholuo. Usimtume mjukuu wa kiume au mkwe amtafsirie mambo ya mkojo au ya uzazi. Ataona haya, atanyamaza. Mkiwa ndani, mwache aseme mwenyewe. Kabla ya kutoka, mwombe arudie jinsi atakavyotumia dawa.

Kumbuka, si fadhila unayoomba. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya matibabu, na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Tangu Oktoba 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF. Hakikisha dani ameandikishwa kabla hajaugua. Mkihudumiwa kwa dharau, mwone msimamizi wa kituo, mweleze kwa upole lakini kwa uthabiti.

Zamani wewe ulilia usiku, naye akaamka akuulize, "Wapi panauma?" Leo ni zamu yako kumuuliza, na kumtafutia daktari atakayeuliza vivyo hivyo.

Msomee jirani makala haya, na umsalimie dani.