Dick Gould: misimu sita mikavu, kisha makombe 17

Kuanzia mwaka 1960 hadi 1971, ubingwa wa tenisi wa vyuo vikuu vya Marekani haukutoka Los Angeles. Kila mwaka ulikwenda ama USC ama UCLA, vyuo viwili vya jiji moja, na wengine wote wakabaki wasindikizaji. UCLA ilikuwa na Arthur Ashe, na baadaye Jimmy Connors. USC ilikuwa na Stan Smith na Bob Lutz. Kusini mwa California jua linawaka karibu mwaka mzima na viwanja vimejaa mitaani, kwa hiyo kijana wa huko aliyeota Wimbledon hakuwa na sababu ya kuhama kwao kwenda kusoma.

Katikati ya enzi hiyo, mwaka 1966, Chuo Kikuu cha Stanford, kilichoko kaskazini mwa jimbo hilohilo, kilimkabidhi timu yake ya wanaume Dick Gould, mtu ambaye hata miaka 30 hakuwa ametimiza. Alikuwa amesoma hapo hapo Stanford, kisha akafundisha sekondari, halafu katika Foothill, chuo cha miaka miwili kilichoko jirani. Mwaka 1964 alichapisha kitabu cha kiada cha wanaojifunza tenisi, Tennis, Anyone?. Kwa ufupi alikuwa mwalimu, hakuwa nyota aliyestaafu na jina lake kubwa.

Alipoachia timu mwaka 2004 alikuwa ameiongoza misimu 38. Alishinda mechi 776, akapoteza 148, na makombe ya taifa ya timu yalikuwa 17. Hizo ndizo takwimu zinazorudiwa kila anapotajwa. Kwangu mimi kinachovutia zaidi ni misimu sita ya mwanzo, ambayo Stanford haikupata kombe hata moja. Katika ligi zetu za mpira, kocha asiyeleta kombe kwa misimu miwili huitwa ofisini, na akitoka huko amebeba barua. Gould aliachwa afanye kazi.

Na kazi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ilikuwa kutafuta watu. Vijana wa Los Angeles walikuwa na wenyewe, basi akaangalia mbali. Roscoe Tanner, mpiga mkono wa kushoto ambaye mpira wake wa kuanzia ulikuja kuogopwa duniani, alitoka Lookout Mountain, jimbo la Tennessee. Sandy Mayer alitoka upande wa mashariki wa nchi. Mwaka 1972 wawili hao walitwaa ubingwa wa wachezaji wawili wawili, ingawa kombe la timu lilichukuliwa na Trinity ya Texas. Utawala wa Los Angeles ulikuwa umevunjwa, ila na mtu mwingine.

Mwaka uliofuata Stanford ilizoa vyote. Mayer alishinda ubingwa wa mchezaji mmoja mmoja, akashinda na wa wawili wawili akiwa na Jim Delaney, na timu ikabeba kombe lake la kwanza. Wiki chache baadaye mwanafunzi huyo akaenda Wimbledon, akamtoa Ilie Nastase aliyekuwa amepangwa namba moja, akafika nusu fainali. Ni kweli wachezaji wengi wa kulipwa waligomea mashindano ya mwaka huo, lakini Nastase hakugoma. Mwaka 1974 kombe lilibaki Stanford, na safari hii bingwa wa mchezaji mmoja alikuwa John Whitlinger, jina ambalo tutakutana nalo tena.

Kwa msomaji aliyezoea tenisi ya televisheni, huenda neno timu linasikika vibaya hapa. Chuoni mechi moja ni mechi nyingi. Wachezaji sita wa kila upande hupangwa kwa ubora, namba moja dhidi ya namba moja hadi sita dhidi ya sita, nao hucheza kwa wakati mmoja kwenye viwanja vilivyopangana. Kuna pia jozi tatu za wawili wawili. Kocha hakai jukwaani na miwani ya jua. Anaruhusiwa kuingia kiwanjani wachezaji wanapobadilishana upande, kwa hiyo hutembea kutoka kiwanja kimoja hadi kingine, huku anamtuliza aliyepandwa na hasira, kule anamkumbusha mwingine asogee karibu na wavu. Kwa hesabu ya mwisho, ushindi wa namba sita, ambaye hakuna gazeti litakalomwandika, una uzito uleule na ushindi wa namba moja.

Hapo ndipo penye siri ya Gould, kama ni siri. Kabla ya 1977 ubingwa wa timu ulitokana na pointi ambazo wachezaji walikusanya katika mashindano ya mtu mmoja mmoja, na nyota wawili waliweza kuibeba shule nzima. Mwaka huo mfumo ulibadilishwa, timu zikaanza kukutana ana kwa ana hadi fainali. Stanford ilishinda mara hiyo ya kwanza, na kati ya makombe 17 ya Gould, 15 yalipatikana chini ya mfumo huo mpya.

Kupata sita wazuri si kazi ndogo. Kwa miaka mingi kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ziliipa timu ya tenisi ya wanaume ufadhili kamili wa masomo wa watu wanne na nusu tu. Kocha akaugawa vipande, huyu nusu, yule robo, na kumshawishi mzazi alipe kilichobaki. Stanford ni chuo chenye fedha, jina na hali ya hewa nzuri, na tusijifanye kwamba Gould aliyajenga hayo yote. Lakini vilikuwapo hata kabla yake, na kombe halikuja.

Kisha akaja John McEnroe. Majira ya joto ya 1977, akiwa na miaka 18, alikuwa ameanzia hatua za mchujo Wimbledon na kufika nusu fainali, ambako Connors alimsimamisha. Miezi michache baadaye alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Stanford. Kocha unamfundisha nini mtu kama huyo? Tatizo lililo gumu zaidi lilikuwa kwa wenzake. Matt Mitchell alikuwa ndiye bingwa wa vyuo wa 1977, na sasa timu moja ilikuwa na bingwa huyo pamoja na mgeni aliyetoka nusu fainali ya Wimbledon. Kundi hilo lingeweza kupasuka. Badala yake msimu wa 1978 uliisha bila kupoteza mechi, na McEnroe akashinda ubingwa wake kule Athens, Georgia, kwa kumshinda John Sadri 7-6, 7-6, 5-7, 7-6. Baada ya hapo akaondoka kwenda kucheza kwa kulipwa. Mwaka mmoja tu.

Gould hakungoja watazamaji waje wenyewe. Katika miaka ya 1970 alizipeleka baadhi ya mechi kubwa ndani ya Maples Pavilion, ukumbi wa mpira wa kikapu wa chuo, na maelfu ya watu wakaingia kutazama tenisi ya wanafunzi. Fedha za kukarabati viwanja alizitafuta kwa wafadhili, na hata baada ya kuachia timu alibaki chuoni kama mkurugenzi wa tenisi.

Miaka iliyofuata ilikuwa mavuno. Alex O'Brien alitwaa mataji yote matatu, la timu, la mchezaji mmoja na la wawili wawili, mwaka 1992. Kuanzia 1995 hadi 1998 kombe halikuondoka Stanford, na Paul Goldstein alikuwamo katika yote manne. Mwaka 1998 timu ilishinda mechi zote 28, na Bob Bryan akamshinda Goldstein huyohuyo katika fainali ya mchezaji mmoja, kisha akatwaa ubingwa wa wawili wawili na pacha wake Mike. Kombe la 17 lilikuja mwaka 2000.

Mrithi wake alikuwa Whitlinger wa 1974, aliyekuwa msaidizi wake kwa muda mrefu. Alikaa miaka kumi bila kombe, kisha akampisha Goldstein mwaka 2014. Wote wawili walilelewa na Gould, na njia zake walizijua, lakini uwanja wa kutafutia wachezaji ulikuwa umepanuka mno. Vyuo vya Marekani sasa vinajaza timu zao kwa vijana wa Ulaya, Amerika Kusini na Afrika. Mkenya Paul Wekesa alipitia chuo cha Chattanooga, mjini palepale chini ya mlima ambako Tanner alikulia kabla ya kuvuka nchi kwenda kwa Gould. Na Angella Okutoyi, aliyetwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022, alikwenda kuichezea Auburn, Alabama.