Nani Ahukumu Mchezo Mpya?

Katika mihadhara yetu tumezoea mgawanyo mmoja: ngoma ni sanaa ya jadi, na tamthilia ni mgeni aliyeletwa na shule za mkoloni. Mimi nilipoanza kuigiza michezo mipya, mgawanyo huu ulinishinda.

Nimekulia Buseresere, jirani na Katoro, kwa wachimba dhahabu na wakulima wa pamba. Ndugu msomaji, hebu tazama ushindani wa Bagika na Bagalu huko Usukumani. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji huhama. Atakayevuta umati mkubwa ndiye mshindi, basi! Ndiyo maana manju, au ningi kwa Kisukuma, hawezi kurudia mambo ya mwaka jana. Lazima alete nyimbo mpya, vituko vipya, hata nyoka na nungunungu. Huo si mchezo mpya ni nini?

Chuo cha Sanaa Bagamoyo (TaSUBa tangu 2007) kilianzishwa mwaka 1981, baada ya vikundi vya sanaa vya taifa kuvunjwa, na tamasha lake likaanza 1982. Hapo ndipo nilipocheza mimi. Hadhira imeketi, kimya. Je, kimya kile ni ridhaa au ni usingizi? Mwigizaji hajui. Nilikuwa mwenye duara anayemlilia mwanawe aliyefukiwa na kifusi; maombolezo marefu, ya kishairi hasa. Watoto waliosimama pembeni wakasikia ngoma nje, wakaondoka. Kwetu ile ingekuwa hukumu kamili.

Wataalamu wetu waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1982 hadi 1983 Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walikwenda Malya, Kwimba, wakawaachia wanakijiji wenyewe wachague tatizo, wacheze na wajadili. Mimba za wasichana zikatajwa hadharani. Hata hivyo wahakiki wengi wamebaki na kitabu mkononi: dhamira, wahusika, ujumbe, mtihani. Mchezo ambao haujapigwa chapa kwao ni kama haupo, na mingi ya matamasha haipigwi chapa.

Usiku wa pili mwelekezi aliyakata maombolezo yangu, yakabaki maneno machache tu na kimya. Watoto hawakuondoka. Baadaye mhakiki mmoja aliyesoma muswada aliandika kwamba uzuri wa mchezo umo katika maombolezo ya mwenye duara.