Kiwanja cha Kanisa na Matumizi Yake Mbele ya Sheria

Katika kurasa nyingine za kitabu hiki msomaji atakuta habari za ubatizo wa kwanza, za wainjilisti na za wazee waliotutangulia. Sura hii inahusu jambo ambalo mara chache hutajwa mimbarani, nalo ni ardhi tunayosimama juu yake, na jinsi serikali zilizofuatana nchini zilivyoamua kinachoruhusiwa kufanyika juu yake.

Mfano ulio wazi ni Dar es Salaam. Amri ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1891 iliugawa mji kwa aina ya majengo. Sehemu iliyo karibu na bahari ilitengewa nyumba za mtindo wa Ulaya, nazo nyumba za miti na udongo zikawekwa mbali. Kanisa la Azania Front, lililokamilika mwaka 1902, limesimama upande huo wa bahari. Waingereza, katika miaka ya 1920, waliendeleza mgawanyo wa kanda tatu, ambazo wananchi walizijua kwa majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Kanuni zenyewe zilitaja aina ya jengo, wala si rangi ya mtu. Lakini kwa kuwa gharama ya jengo ilikuwa kubwa, matokeo yalikuwa yale yale.

Baadaye ulikuja utaratibu wa namna nyingine. Nchini Uingereza, sheria ya mipango ya miji na vijiji ilipitishwa mwaka 1947, na mwaka 1948 zikatolewa kanuni za kupanga matumizi ya majengo na ardhi katika madaraja. Tanganyika ilipata sheria yake ya mipangomiji mwaka 1956, na kanuni zake za madaraja ya matumizi mwaka 1960. Hati nyingi za viwanja, hata zile zilizotolewa miaka mingi baada ya Uhuru, zinazitaja kanuni hizo za 1960. Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007 ilichukua nafasi ya ile ya kikoloni, na kanuni mpya za makundi na madaraja zikatolewa mwaka 2018.

Utaratibu wenyewe si mgumu kueleweka. Matumizi yanayofanana huwekwa katika kundi moja lenye herufi yake, na ndani ya kundi hutajwa madaraja. Kundi A, kwa mfano, ni la makazi. Biashara, viwanda, ibada na huduma nyingine za jamii huwekwa kila moja mahali pake. Kinachopimwa ni shughuli, si kuta. Nyumba ile ile yaweza kuwa makao ya familia, nyumba ya wageni au zahanati, na kwa kila hali sheria huitazama upya, kwa sababu kila shughuli huleta watu, magari, maji taka na kelele za kiasi chake.

Anayetaka kubadili matumizi hana budi kuomba kibali kwa mamlaka ya mipango. Tangazo hutolewa, na majirani hupewa nafasi ya kutoa maoni au pingamizi. Kodi ya pango la ardhi nayo hutegemea matumizi. Anayevunja masharti ya hati aweza kutozwa faini, na mwisho kabisa milki yake yaweza kubatilishwa chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa. Viwanja vya sharika nyingi za mjini vilitolewa kwa ajili ya ibada, wakati barabara ilikuwa njia ya vumbi. Leo kiwanja cha namna hiyo kina thamani kubwa. Kuna wanaotaka kupanga fremu za maduka penye uzio, wanaoomba kusimamisha mnara wa simu, na wanaokodi ukumbi kwa sherehe hadi usiku wa manane. Shule ya chekechea ni huduma njema. Hata hivyo, wema wa huduma hauondoi wajibu wa kuomba kibali. Aidha, kwa kawaida hati huwa katika jina la wadhamini waliosajiliwa, hivyo Baraza la Wazee haliwezi kuingia mkataba wa kupangisha kana kwamba ardhi ni yake peke yake.

Nehemia alipotaka kuujenga upya ukuta wa Yerusalemu, aliomba kwanza barua za mfalme, na mojawapo ilimwendea mtunza msitu kwa ajili ya mbao. Maombi yake kwa Mungu hayakumfanya adharau kibali. Nasi tunapoingia karne ya pili, inafaa kila Baraza la Wazee lijapo madarakani lisome hati ya kiwanja, lijue kundi na daraja lililoandikwa humo, na limwone afisa mipangomiji kabla ya kumwita fundi. Pia liwasikilize majirani, wawe Wakristo au Waislamu, maana utaratibu huu uliwekwa kwa ajili yao pia. Mapato ya fremu huisha mwezi kwa mwezi. Kiwanja kikipotea kwa kukiuka masharti, wajukuu wetu hawatakuwa na mahali pa kuadhimishia miaka mia mbili.

Bwana atujalie hekima ya kutunza tulichopokea.