KUTOKA RAMLI HADI KADI YA KLINIKI: JINSIA NA UAMUZI WA KUMTAFUTIA TIBA MTOTO MGONJWA WILAYANI RUNGWE, 1891–2022

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu jinsia na tiba ya watoto katika nchi maskini aghalabu huanza na mtoto mwenyewe: je, mvulana hupelekwa hospitali upesi kuliko msichana? Swali hilo lina uzito katika Asia ya Kusini. Chen, Huq na D'Souza (1981) walibaini kuwa huko Matlab, Bangladesh, wavulana walipelekwa kutibiwa kuhara mara nyingi zaidi kuliko wasichana, ilhali matibabu yalitolewa bure. Kwa upande wa Tanzania, tafiti za kitaifa za demografia na afya hazijaonesha pengo kubwa la namna hiyo baina ya watoto wa kike na wa kiume.

Hata hivyo, kukosekana kwa pengo hilo hakumaanishi kwamba jinsia haina nafasi. Insha hii inajenga hoja kwamba katika Wilaya ya Rungwe tofauti ya kijinsia imekuwa baina ya watu wazima: kati ya mama, ambaye huuona ugonjwa kwanza na kumbeba mtoto, na wanaume wa ukoo, ambao wamekuwa na kauli juu ya maana ya ugonjwa, safari na fedha. Tofauti hiyo ina historia, na kila awamu ya mabadiliko iliipa sura mpya bila kuiondoa.

2.0 Maradhi ya Mtoto kama Jambo la Ukoo

Maelezo ya kina zaidi kuhusu Wanyakyusa wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 yametokana na utafiti uliofanywa na Monica na Godfrey Wilson kati ya mwaka 1934 na 1938. Kwa mujibu wa Wilson (1951, 1957), ugonjwa wa mtoto haukuchukuliwa kuwa tatizo la mwili pekee. Uliweza kuhusishwa na hasira ya wahenga, tambiko lililopuuzwa, uchawi, au manung'uniko ya majirani waliochukizwa na mwenendo wa wazazi. Kwa hiyo, kabla ya kuulizwa dawa gani itumike, liliulizwa swali la nani amekosewa.

Jibu la swali hilo lilikuwa mikononi mwa wanaume kwa sehemu kubwa. Ng'ombe wa mahari waliwaweka watoto chini ya ukoo wa baba, na wazee wa ukoo huo ndio walioomba kwa wahenga. Papo hapo, mwiko mkali ulimtenga mke na baba mkwe wake: hakuruhusiwa kukutana naye, kumtazama wala kutamka jina lake. Wilson (1951) anauhusisha mwiko huo na desturi ya vijana wa kiume kujenga vijiji vyao vya rika, mbali na baba zao. Matokeo yake kwa mtoto mgonjwa ni dhahiri. Mama, aliyejua homa ilianza lini na mtoto amekataa kunyonya tangu saa ngapi, hakuweza kumweleza moja kwa moja mzee ambaye maombi yake yalihesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Habari zilipaswa kupitia kwa mume.

3.0 Misheni, Ukoloni na Uhamaji wa Vibarua

Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoravian na wa Misheni ya Berlin waliingia Bunyakyusa. Wamoravian walijenga kituo chao Rungwe, na baadaye Wajerumani wakaweka makao ya utawala mahali palipoitwa Neu-Langenburg, ndipo Tukuyu ya leo. Pamoja na mahubiri, misheni zilitoa dawa. Mama Mkristo alipata mlango wa pili, kwa kuwa dawa ya misheni haikungoja ramli. Lakini mlango huo ulikuwa na gharama yake, maana kuutumia kulimweka njia panda kati ya kanisa lililokataza matambiko na ukoo ulioyadai.

Uchumi wa kikoloni ulileta badiliko la pili. Gulliver (1957) ameeleza jinsi wanaume wengi wa Kinyakyusa walivyokwenda kufanya kazi za ujira nje ya wilaya. Katika miaka ya 1930 machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, yaliwavuta vibarua wengi. Baadaye wengi walielekea kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Mume alipokuwa mbali kwa miezi mingi, mke ndiye aliyebaki na shamba na watoto. Itakuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba kuondoka kwa mume kulimwachia mke kauli yote. Mamlaka yalibaki kwa ndugu wa mume, na mahali ambapo mwiko wa mkwe uliendelea kushikwa, mwanamke alimpoteza mtu aliyekuwa kiungo kati yake na wazee hao. Vilevile, malipo ya kahawa yalipitia kwa mwanachama wa ushirika, ambaye kwa kawaida alikuwa mwanamume. Hivyo basi, uangalizi wa mtoto ulizidi kumwelemea mama, wakati fedha taslimu zilifuata njia nyingine.

4.0 Kliniki ya Mama na Mtoto

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilielekeza huduma za afya vijijini. Kuanzia mwaka 1974, huduma za afya ya mama na mtoto ziliendeshwa kama mpango wa taifa zima. Mafanikio yake hayana ubishi: chanjo, upimaji wa uzito na ushauri viliwafikia wanawake ambao hapo awali walitegemea kituo cha misheni au mganga wa jadi. Kupitia huduma hizo dola ilimtambua mama kuwa mtu wa kuzungumza naye kuhusu afya ya mtoto, bila kupitia kwa mume wala mkwe. Kadi ya kliniki, yenye mstari wa uzito wa mtoto, ilikuwa mikononi mwake.

Pamoja na hayo, jina lenyewe la huduma hiyo lilikuwa na athari. Baba hakutajwa. Mama alifundishwa dalili za hatari, akaulizwa kwa nini amechelewa, na akalaumiwa uzito wa mtoto ulipopungua, ilhali hapakuwa na utaratibu wa kumpa nauli wala kumfundisha mwenye nauli. Uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano walisamehewa malipo katika vituo vya serikali. Msamaha huo haukugusa gharama ya safari, dawa ya kununua dukani pale zahanati ilipoishiwa, wala siku ya kazi iliyopotea. Katika wilaya yenye miinuko na mvua nyingi kama Rungwe, safari ya kutoka kijiji cha mlimani hadi hospitali ya Makandana mjini Tukuyu, au Igogwe, ni uamuzi wa kifedha hata pale ambapo tiba yenyewe ni bure.

Hapa ndipo muda unapokuwa suala la uhai. Azimio la Abuja la mwaka 2000 lilitaka wagonjwa wa malaria wapate tiba ndani ya saa 24 tangu dalili zianze. Mama anayemngoja mume arudi ndipo aombe nauli anaweza kuzimaliza saa hizo akiwa bado nyumbani, huku akijua vyema hali ya mtoto.

5.0 Hitimisho

Vifo vya watoto chini ya miaka mitano nchini vilipungua kutoka 112 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004/05, hadi 43 katika utafiti wa mwaka 2022. Mafanikio hayo yasifiche historia iliyoelezwa hapa. Ramli ilimpa baba na ukoo wake uamuzi, na kliniki ikampa mama wajibu. Hakuna kati ya hizo iliyoviweka uamuzi na wajibu mahali pamoja. Kwa hiyo, mtafiti anayehesabu wavulana na wasichana waliofikishwa kituoni, akakuta idadi zinalingana, hajamaliza kazi. Inambidi aulize pia nani aliona ugonjwa, nani alingojwa, na kwa saa ngapi.