Mtoto Anaambiwa Nini Kabla Atoke Kwenda Shule?

Kuna maswali mawili hakuna mzazi anataka kuulizwa na mtoto wa miaka 8: "Sisi ni nani?" na "Kwani tuliwakosea nini?" Ujerumani ya miaka ya 1930, haya maswali yaliingia kwa nyumba nyingi za Wayahudi, na watoto walikuwa wanayatoa shuleni.

Wengi wetu tukisikia hii historia tunaruka moja kwa moja hadi kambi za mauaji. Lakini kabla ya kambi kulikuwa na darasa.

Hitler aliingia mamlakani Januari 1933. Tarehe 25 Aprili mwaka huohuo ikatoka sheria ya kupunguza ati msongamano katika shule za upili na vyuo. Wayahudi wasizidi asilimia 1.5 ya wanafunzi wapya. Na hawa ni watu ambao hawakufika hata asilimia 1 ya wananchi wote, sasa msongamano gani huo? Halafu kukaja masomo ya mbari. Mwalimu anasimama mbele ya darasa anaeleza vile kuna damu safi na damu chafu, na mwenye anaitwa mchafu ameketi hapo hapo anasikiza. Kengele ikilia, huyo mtoto anaenda nyumbani kutafuta majibu.

Hebu jiweke kwa viatu vya babake. Ukimwambia ukweli wote, hatalala. Ukimficha, ataujulia uwanjani, kwa ngumi.

Wazazi wengi walifundisha masomo mawili kwa pamoja. La kwanza ni usalama: usijibizane, usitembee peke yako, shule ikiisha uje nyumbani. La pili ni fahari. Siku 3 baada ya Wanazi kususia maduka ya Wayahudi tarehe 1 Aprili 1933, mhariri Robert Weltsch aliandika kwenye gazeti la Jüdische Rundschau akiwahimiza wenzake waivae alama ya njano kwa fahari. Alikuwa anakumbusha alama ambayo Wayahudi walilazimishwa kuvaa zamani sehemu nyingi za Ulaya. Miaka 8 baadaye, 1941, Wanazi waliirudisha Ujerumani kwa lazima, kuanzia watoto wa miaka 6.

Unaona ugumu? Somo moja linasema jifiche, lingine linasema simama wima. Mtoto huyo huyo, siku hiyo hiyo, abebe yote mawili na begi ya vitabu juu.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, masinagogi yakachomwa nchi nzima. Tarehe 15, watoto Wayahudi waliobaki kwenye shule za umma wakafukuzwa. Sasa mazungumzo ya nyumbani yakabadilika, ikawa ni kuagana. Kuanzia Desemba mwaka huo, watoto karibu 10,000 walipelekwa Uingereza bila wazazi wao kabla vita vianze. Wengi hawakuwaona wazazi wao tena. Familia zingine zilikimbilia popote penye mlango, hata hapa Kenya. Mwandishi Stefanie Zweig aliletwa hapa 1938 akiwa mdogo, babake akaacha uwakili akawa mtu wa shamba. Ile filamu ya Nowhere in Africa, iliyoshinda Oscar 2003, imetokana na riwaya yake kuhusu maisha hayo.

Mzazi mwenye najua maneno yake kidogo ni Otto Frank. Alikuwa amehamisha familia kutoka Frankfurt hadi Amsterdam, lakini Wanazi wakaivamia Uholanzi 1940, na 1941 bintiye Anne akalazimika kuhamia shule ya Wayahudi pekee. Julai 1942, wakitembea mtaani, Otto alimwambia Anne kwamba watahitaji kujificha. Anne akauliza lini. Babake akamwambia asijali, afurahie maisha akiwa bado anaweza. Siku chache baadaye walikuwa mafichoni. Kati ya watu 8 waliojificha pale, Otto ndiye peke yake aliyetoka vitani akiwa hai.

Ukimlaumu Otto kwa kuchelewa kusema, umekosa mtu wa kulaumu. Kuna nyumba ingine kwa hii stori, na hatuiangalii vya kutosha.

Mwaka wa 1938 huohuo, kampuni ya Julius Streicher, mchapishaji wa propaganda ya Kinazi, ilitoa kitabu cha watoto chenye jina linalomaanisha "Uyoga wa Sumu." Mama na mwanawe wanaokota uyoga msituni, na mama anamfundisha kwamba kama vile kuna uyoga mbaya, kuna watu wabaya, nao ni Wayahudi. Mazungumzo ya mzazi na mtoto, yametulia kabisa, na picha za kupendeza. Kwa hivyo nyumba zote mbili zilikuwa zinaongea na watoto kuhusu shule. Moja ilifundisha kuogopa kwa sababu ingine ilifundisha kuchukia. Katikati kulikuwa na nyumba nyingi sana ambazo hazikusema kitu, na watoto wao waliona deski ya jirani imebaki wazi wakaendelea kunakili ubao.

Na haijaisha. Machi 2012 mtu mwenye bunduki aliua watoto 3 na mwalimu katika shule ya Kiyahudi Toulouse, Ufaransa. Leo kuna wazazi Ulaya wanaomwambia mtoto avae kofia ya kawaida juu ya kipa yake akipanda treni. Unaweza kuwa na hasira na serikali ya Israeli kuhusu Gaza, na useme kwa sauti. Lakini mtoto wa darasa la nne Paris si balozi wa serikali yoyote, na nyota kwa shingo yake haikupi kibali.

Mzazi Myahudi amefanya kazi yake ya kumwandaa mtoto wake. Swali limebaki kwa sisi wengine. Ile siku utani wa "hao watu" utaingia kwa grupu ya darasa lenu, hao watu wakiwa Wayahudi, Waislamu ama kabila la mtu, utatuma emoji ya kucheka, utanyamaza, ama utaandika "wacha hiyo"?

Hayo maneno mawili yangemsaidia mtoto wa Berlin 1933 kuliko ushauri wote wa babake.