Ugeuzaji wa Kimyakimya

Fungua konsoli ya kivinjari chako uandike "9000" > "10000", alama za kunukuu zikiwemo. JavaScript itakujibu kwamba ni kweli, elfu tisa inaizidi elfu kumi. Ondoa alama hizo kwenye namba moja tu, yoyote ile, nayo inabadili kauli: si kweli.

Kila thamani ndani ya programu ina aina yake. 9000 tupu ni namba. Ikivikwa alama za kunukuu huwa matini, na matini hupangwa kama maneno ya kamusi, herufi ya kwanza ikitazamwa kwanza. Tisa huja baada ya moja, basi, kesi imekwisha. Urefu wa kilichobaki hauulizwi. Na kwa kuwa chochote anachojaza mteja kwenye kisanduku cha fomu ya tovuti hupokelewa na JavaScript kama matini, duka la mtandaoni lililoandikwa kizembe linaweza kumwambia mwenye bajeti ya shilingi 10000 kwamba bidhaa ya 9000 imemzidi uwezo.

Upande mmoja ukiwa namba, lugha hiyo huigeuza matini kuwa namba kwanza, ndipo ilinganishe. Kitendo hicho wengine wangekiita ulazimishaji wa aina. Mimi sioni anayelazimishwa hapo. Nasema ugeuzaji wa kimyakimya, maana mwandishi wa programu naye hugeuza aina kila siku kwa kuagiza waziwazi, na hilo halina ubaya. Huu mwingine hakuna aliyeuagiza, na ukifanyika hakuna anayearifiwa.

Brendan Eich aliiunda JavaScript ya awali kwa siku 10, Mei 1995, akiwa kampuni ya Netscape. Alama yake ya ==, tuiite usawa legevu, hugeuza aina kwa kanuni ambazo hata wazoefu huzikosea. Matini tupu ni sawa na 0. Na 0 ni sawa na "0". Lakini matini tupu na "0" si sawa, kwa sababu zote mbili ni matini na hakuna kinachogeuzwa. Thamani ya null, yaani "hakuna kitu", ndiyo kiboko: si kubwa kuliko 0, wala si sawa na 0, ila ukiuliza kama ni kubwa kuliko au sawa na 0, unajibiwa ndiyo. Alama ya ukubwa huigeuza null kuwa 0; == haifanyi hivyo. Usawa mkali, ===, unaokataa papo hapo aina zikitofautiana, uliingizwa kwenye kiwango rasmi cha lugha hiyo mwaka 1999.

Kwenye lugha ya PHP mchezo huo umegusa usalama. Tovuti za zamani zilihifadhi, badala ya nywila yenyewe, herufi 32 zinazozalishwa na kanuni ya MD5. Ukiipitisha 240610708 kwenye kanuni hiyo unapata matini inayoanza na 0e na kufuatwa na tarakimu tupu. QNKCDZO nayo vivyo hivyo, kwa tarakimu nyingine kabisa. PHP huzisoma zote mbili kama sifuri mara kumi kwa kipeo fulani, hivyo kwa == nywila mbili zisizofanana zinafungua mlango mmoja. Toleo la 8, la Novemba 2020, lilirekebisha mengi (0 haiwi tena sawa na "abc"), lakini hili liliachwa lilivyo.

Python imechagua njia nyingine. 1 na "1" si sawa, na ukiuliza ipi ndogo, Python 3 inagoma na kutoa kosa. Python 2 ilikuwa inajibu bila aibu kwamba namba daima ni ndogo kuliko matini. Hata hivyo usidhani imejitakasa kabisa. Humo True, yaani "kweli", ni sawa na 1, kiasi kwamba kamusi ya Python, yaani hifadhi ya funguo na thamani zake, ikipewa ufunguo 1, kisha True, inabaki na ufunguo mmoja, na thamani ya kwanza inafutwa.