Chikungunya: Jina Lilitoka Newala, Sindano Ikachelewa Miaka Sabini

Tumezoea kuzungumza hapa kuhusu chanjo za safari na zile za kabla ya kubeba mimba. Leo tunataka kuzungumza kuhusu sindano ya kuzuia maumivu ambayo jina la ugonjwa wake limetoka nchini kwetu, kwa Wamakonde wa kusini.

Mwaka 1952 homa ngeni ilizuka kwenye uwanda wa juu wa Makonde, katika Newala na Masasi, sehemu zenye vijiji kama Mkunya. Homa ilipanda ghafla, kichwa kikauma, kisha viungo vikakaza: vifundo vya miguu, magoti, vidole. Mtu alitembea amejikunja. Dada anayejua uchungu wa kutoka kwenye rukuu kwenda kusujudu huku goti limevimba, ataelewa mara moja. Wenyeji waliuita ugonjwa kwa neno lao la Kimakonde, lenye maana ya kukunjamana. Daktari Marion Robinson, aliyekuwa hospitali ya misheni ya Lulindi huko Masasi, akaandika dalili zake, na maandiko hayo yakachapishwa mwaka 1955. Jina likabaki chikungunya. Vitabu vingi vya nje husema ni neno la Kiswahili. Si kweli, Wamakonde wapewe haki yao.

Kwa nini huko? Jibu lilikuwa ndani ya nyumba. Uwanda ule ni mkavu, mvua ikinyesha maji huzama mchangani. Wanawake walishuka mabondeni kuteka maji, wakapanda nayo mlima kichwani, na ndoo moja ilikuwa kazi ya nusu siku. Nani angeyamwaga maji hayo? Yalihifadhiwa ndani ya mitungi, siku baada ya siku. Mbu aitwaye Aedes aegypti anapenda maji ya namna hiyo hiyo, masafi na yaliyotulia, tena karibu na watu. W.H.R. Lumsden, kutoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, alichunguza mlipuko huo na mbu wake. Mwenzake R.W. Ross ndiye aliyeeleza virusi vyenyewe, vilivyopatikana mwaka 1953 katika damu ya mgonjwa. Tunalisisitiza hili kwa sababu kila ugonjwa wa mbu ukiingia, lawama ya kwanza humwangukia mama wa nyumba kwamba ni mchafu. Wale kinamama hawakuwa wachafu, walikuwa na shida ya maji.

Nasi wa visiwani tusijione tuko mbali. Mwaka 1870 Zanzibar ilipata homa ya viungo iliyoitwa kidinga pepo. Daktari Mskoti James Christie, aliyekuwa Unguja wakati huo, aliandika kwamba wazee waliikumbuka homa kama hiyo ya miaka ya 1820. Wengi huamini kwamba hata jina la dengi lilitokana na neno hilo, na leo ugonjwa huo tunauita kidingapopo. Lakini mwaka 1971 mtafiti aitwaye Carey alihoji kwamba homa zile za zamani, kwa dalili zake, zilifanana zaidi na chikungunya.

Kisha ikaja Lamu, 2004. Ukame ulikuwa umewalazimisha watu kuweka maji majumbani, kama kule Newala. Utafiti wa baadaye ulikadiria walioambukizwa kuwa 13,500, robo tatu ya wakazi. Mwaka uliofuata ulifika Komoro, ukavuka hadi kisiwa cha Réunion, ambako kama theluthi moja ya watu waliugua. Huko ndiko madaktari walikoona wazi kwamba mama akiugua karibu na kujifungua, mtoto anaweza kuzaliwa na virusi na kuumwa vibaya.

Ugonjwa ulipofika kwa watu wenye pesa, fedha za chanjo nazo zikapatikana. Hilo ni neno letu, asiyekubali aseme. Sindano ya kwanza, Ixchiq, iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, miaka sabini baada ya Newala. Ya pili ilifuata Februari 2025, na jina lake ni Vimkunya. Hata masikio ya Mkunya yangeshtuka. Ixchiq ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Ilipotumika Réunion mwaka 2025 wazee kadhaa walipata madhara makubwa, na Agosti mwaka huo Marekani ikasimamisha leseni yake. Vimkunya haina virusi hai. Kwetu, hakuna kati ya hizo iliyomo katika ratiba ya chanjo za watoto, na wanaozipata zaidi ni wasafiri wa nchi tajiri.

Bi harusi anayekwenda fungate mahali penye mlipuko, au aliye nje na amepewa sindano hii, amwambie daktari kama ana mimba au anaitarajia, hasa kwa ile yenye virusi hai. Tulio nyumbani tufunike mapipa na mitungi, na tuisugue kuta zake kila wiki, maana mayai ya mbu hung'ang'ania ukingoni hata maji yakipungua. Mbu huyu huuma mchana. Mzazi na kichanga wake walale ndani ya chandarua hata adhuhuri. Ukishikwa na homa na viungo, tumia parasetamo, na usinywe aspirini mpaka hospitali wahakikishe si dengi.